Samaki wa Kaku na pampu isiyopumzika

Nakumbuka jioni moja pale Makomeno, mwanangu, umeme ulipokatika na nyumba nzima ikafurahi.

Najua utauliza, nyumba gani hiyo inafurahi gizani? Ngoja nikueleze polepole. Mama yako ameniambia kwamba akwariumu yetu, lile tangi la kioo ulilokuwa ukiligonga kwa kidole kila ulipokuja kututembelea, sasa linahamia kwenu, na kwamba wewe ndiye utakayelisha samaki. Nimefurahi sana. Ila nimeona nisikuletee kioo na maji peke yake, nikaacha nyuma maneno yake.

Usicheke kwamba natoa nasaha kama mzee. Sina mvi hata moja. Juzi nilidhani nimeona ya kwanza, nikakisogelea kioo kwa furaha, kumbe ni uzi mweupe wa cherehani. Shule nayo niliiacha mapema, unajua. Lakini mimi ni mdogo wa mama yako, kwa hiyo wewe ni mwanangu pia, na kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu ambalo wewe hujaliona. Hilo linanitosha kuwa mzee kwa muda wa kurasa hizi. Nikimaliza nitarudi kuwa kijana, niendelee kuota mgahawa wangu wenye ukuta wa kioo, na samaki wakipita nyuma ya migongo ya wateja. Ndiyo, bado naota.

Basi, katika nyumba ya wazazi wetu pale Makomeno, Lubumbashi, tulikuwa na Kaku. Kaku ndivyo sisi watu wa Kasai tunavyomwita babu, na huyu alikuwa baba yake baba yangu. Alifanya kazi kwenye reli tangu ujana mpaka alipopumzishwa. Nilipokuwa msichana, macho yake yalikuwa tayari yamefunikwa na ukungu. Aliona mwanga, aliona kwamba kuna mtu amesimama mlangoni, lakini hakujua ni nani mpaka mtu aseme. Mke wake, ambaye sisi tulimwita Kaku Mukaji, alikufa nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kaku alipokuja kukaa kwetu alileta sanduku moja la nguo, kofia yake ya kazi, na samaki mmoja ndani ya bidoni, dumu la plastiki.

Samaki huyo aliitwa Shefu. Tulipomuuliza Kaku kwa nini Shefu, alisema jibu liko mwishoni mwa hadithi yake, tusiwe na haraka.

Hakuwa samaki wa kupendeza, nakuambia kweli. Rangi ya matope, madoa meusi, masharubu marefu kama ya padri mmoja mzungu aliyekuwa kwenye picha ukutani kwetu. Alikaa chini kabisa, amejibana chini ya jiwe, na wageni waliokuja walimtafuta bila kumwona. Ndiyo maana Baba, aliponunua tangi, aliongeza samaki wadogo wa dukani, wekundu na wa dhahabu, ili mtu akikaa sebuleni apate kitu cha kutazama. Kaku hakuwakataa. Aliweka sharti moja tu, kwamba maji yakimbie.

"Huyu ni muntu ya maji ya mbio," alimwambia Baba. "Nilimutoa chini ya maporomoko, ku Lufira, kule maji inapiga mawe mpaka inakuwa moshi. Mukimuwekea maji ya kulala, atakufa."

Baba akatafuta pampu kubwa mjini. Ilisukuma maji kwa nguvu mpaka jani la kijani tulilopanda ndani likawa limelala upande mmoja muda wote, kama majani ya barabarani lori la madini linapopita.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye uzito. Shangazi yetu wa Likasi, dada yake Baba, alimtaka Kaku akakae kwake. Alipiga simu kila mara. Kaku alikuwa akimjibu kwa kucheka: "Nitatoka hapa siku Shefu atakufa. Kama yeye iko muzima, na mi niko." Sisi watoto tulicheka naye. Baba hakucheka. Yeye ni mtoto wa kwanza. Baba mzazi kuondoka nyumbani kwa mtoto wa kwanza na kwenda kuzeekea kwa binti, watu wangesema nini? Wangesema amefukuzwa, au Mama anamnyima chakula. Na zaidi ya watu, Baba alimpenda baba yake. Kwa hiyo maisha ya samaki yule yalilindwa kama yai. Shefu akiishi, Kaku anabaki. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na kazi ya kumlisha nilipewa mimi.

Siku zile umeme ulikuwa unakatika karibu kila jioni, wakati bukari, ugali wetu, inasongwa. Televisheni inazimika mtu akiwa katikati ya kusema, friji inanyamaza, na pampu nayo inakohoa kidogo kisha inatulia. Mama yako anawasha mshumaa. Tunasogeza viti. Kaku, aliyekuwa na kiti chake pembeni kabisa, ukutani, karibu na tangi, anasafisha koo na kuuliza:

"Basi, tulifikia wapi?"

Sisi wote kwa pamoja: "Ku gare, Kaku!"

Gare ndiyo stesheni. Na hapo anaanza tena mwanzo, kwa sababu aliupenda mwanzo. Alivyoingia majini suruali ikiwa imekunjwa. Alivyompapasa Shefu chini ya jiwe akadhani ni kiatu cha mtu. Alivyopanda treni na Kaku Mukaji wakiwa na bidoni imekatwa mdomo, na mkagua tiketi akataka samaki alipiwe nauli kama abiria.

"Nikamuuliza," Kaku anasema, "atalipa sawa mutu mukubwa ao sawa mutoto?"

Tunacheka kana kwamba hatujawahi kuisikia. Na mimi, kwa sababu kukatika kwa umeme ndiko kulikonikumbusha kazi yangu, nainuka wakati huo huo na kutia chakula tangini. Kilikuwa chakula cha dukani, chepesi kama maganda ya kitunguu. Maji yakiwa yametulia, maganda yale yalielea kidogo, wale wadogo wakadonoa yao, na mengine yakashuka taratibu mpaka chini. Kwa mwanga wa mshumaa niliona masharubu yanatoka chini ya jiwe, kisha kichwa.

"Amekula?" Kaku anauliza.

"Amekula, Kaku."

"Muzuri. Basi, ndani ya treni, maji ya bidoni ikaanza kulala. Kaku Mukaji yenu akakunja mukono ya bulauzi, akatia mukono mule, akaanza kuzungusha maji…"

"Imerudiii!"

Huyo ni mama yako. Umeme umerudi, televisheni imelipuka kwa kelele, pampu imetikisa kioo, na sisi tumekwisha kumpa Kaku migongo. Nilimwona mara nyingi akibaki na mdomo wazi kidogo, mkono bado unazunguka hewani kama mkono wa mke wake. Kisha anaushusha mapajani na kusema, "Basi, kesho." Na kesho anaanza tena mwanzo. Hatukuwahi kuvuka pale, mwanangu. Mkono wa Kaku Mukaji ulibaki ndani ya maji ya bidoni miaka yote ya usichana wangu.

Sasa turudi kwenye jioni ile niliyoanza nayo. Umeme ulikatika, tukafurahi, viti vikasogezwa. Baba akaingia kutoka dukani kwake, hata hajavua viatu, akasema: "Muangalie hii giza muzuri, njo ya mwisho. Kesho banakuja kuweka panneaux ya jua na mabatri. Hapa hakuna tena kukatika."

Mama alipiga kigelegele. Mama yako alicheza mpaka mshumaa ukazimika. "Sisi sasa tuko ba Ulaya!" alisema. Na Kaku naye alipiga makofi pale pembeni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alipiga makofi pamoja na sisi.

Mafundi walikuja, wakapanda juu ya bati, wakatandaza vioo vyao vyeusi. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuzimika. Majirani walileta simu zao kuchaji, sebule ikawa kama stesheni. Televisheni iliwashwa asubuhi ikaachwa iseme peke yake. Friji haikunyamaza. Na pampu ya Shefu, iliyozoea kupumzika kila jioni, sasa ilisukuma maji usiku na mchana.

Mimi niliendelea kulisha, tena kwa moyo zaidi, maana sasa niliona vizuri. Nilitia maganda yangu kabla ya filamu kuanza. Yaliruka, yakazunguka, ukifumba macho na kufumbua hakuna kitu. Nilifurahi. Nikasema, kumbe Shefu amepata hamu ya kula! Nikaongeza. Kaku aliuliza, "Amekula?" nami nikajibu bila kugeuza kichwa, "Amekula." Baadaye alilazimika kuuliza kwa sauti kubwa, kwa sababu ya televisheni. Baadaye tena nikawa najibu kabla hajauliza.

Kaku alikuwa na desturi ya kumsalimia Shefu Jumapili, tukirudi kanisani. Anavua saa, anakunja shati, anaingiza mkono taratibu mpaka chini ya jiwe, kwa uangalifu, maana samaki yule ana mwiba mgongoni. Shefu alimzoea. Alikuwa akikubali kuguswa tumbo. Jumapili moja Kaku aliingiza mkono, akakaa nao mule muda mrefu, kisha akautoa bila kuufuta. Maji yakadondokea suruali yake nzuri.

"Kuja hapa," aliniita. "Tumbo yake imeingia ndani. Mugongo iko sawa kisu. Unamulisha?"

"Kila siku, Kaku. Tena mingi!"

Aligeuza uso wake upande wangu. Macho yale hayakuniona, lakini nilijihisi nimetazamwa.

"Umemuona anakula," aliniuliza, "ao umeona tu chakula imeisha?"

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu, polepole, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati: "Mutoto yangu, chakula kuisha haiko kula."

Nyumba ilitaharuki. Baba alikwenda mjini akarudi na chakula kingine, cha bei, chenye picha ya samaki wa bahari kwenye kopo. Mama aliomba. Mama yako (usimwambie nimekuambia) alinivuta jikoni akanong'ona: "Tutafute mwingine anafanana. Kaku haone."

Kutoka sebuleni tukasikia: "Macho tu njo ilikufa! Masikio iko muzima!"

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na hofu ndani yake. Baba hakula mchana ule. Alisimama mbele ya tangi kama mtu aliyesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, na sote tulijua anahesabu nini kichwani. Shefu akifa, Shangazi anakuja na gari.

Ndipo nikakaa chini. Namaanisha chini kweli, kwenye vigae, kidevu karibu kigonge sakafu, jicho langu likiwa sawa na jiwe la Shefu. Kwa muda wote ule niliokuwa nikimlisha sikuwahi kukaa mahali anapokaa yeye. Nilimwambia mama yako atie chakula kidogo juu. Nikatazama.

Mwanangu, hakuna kilichofika. Maji ya pampu yaliyapiga maganda yale yakapita kwa kasi mbele ya kioo. Wale wekundu wa juu walidaka walichodaka, na kilichobaki kikageuzwa pembeni na kufyonzwa na mdomo wa chujio la pampu. Chini, sharubu moja ilitoka chini ya jiwe. Ilipapasa maji, huku na huku. Kisha ikarudi ndani. Alijua kwamba nyumbani kuna chakula. Alikisikia kikipita juu ya kichwa chake kila siku.

Nilifungua chujio. Sifongo ilikuwa imevimba kwa chakula kilichooza, cha majuma na majuma. Harufu yake siwezi kuisahau. Ukarimu wangu wote ulikuwa mle.

Nikachomoa waya wa pampu.

Jani la kijani liliinuka lenyewe, polepole, likasimama wima kwa mara ya kwanza tangu mafundi waje. Vumbi la majini likatulia. Niliponda ndagala, wale dagaa wakavu, nikachanganya na bukari kidogo, nikabandika tonge hilo kwenye kijiwe ili lizame, nikaliingiza kwa mkono mpaka karibu na jiwe lake. Tukangoja. Kisha masharubu, kichwa, na mwili wote mwembamba kama kisu. Akala. Niliona mdomo wake ukifanya kazi. Niliona!

"Kaku, anakula! Minamuona! Minamuona na macho yangu!"

"Usimufokee," Kaku akasema, lakini uso wake wote ulikuwa unacheka. "Muache akule na amani."

Nikagundua hapo tulichokuwa tumefanya. Miaka yote ile samaki yule alikuwa ameishi kwa kukatika kwa umeme. Sisi tulipoondoa giza tukamwondolea na saa yake ya kula, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Nilitoka mbio kumwambia Mama uani. Na nikiwa kwenye korido, nyuma yangu, nilimsikia Kaku akisafisha koo.

"Basi," aliuliza, "tulifikia wapi?"

Pampu ilikuwa kimya. Lakini sebuleni kulikuwa na mpira, Baba alikuwa ameongeza sauti kwa furaha ya Shefu kupona, na mama yako alikuwa na simu mkononi. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilimsikia, mwanangu. Nilisema moyoni, nitarudi sasa hivi. Uani nilimkuta Mama anapepeta unga, nikaanza kumhadithia, na hadithi yangu ikawa tamu, nikasahau.

Shefu alinenepa. Kila jioni nilizima pampu, nikangoja jani lisimame, nikampelekea tonge lake chini, nikamtazama mpaka amalize, kisha nikawasha, kwa sababu bila maji ya mbio naye angeishiwa pumzi. Nilijiona fundi mkubwa. Baba alirudi kulala usingizi.

Kaku hakunenepa. Alizidi kuwa kimya. Alianza kwenda kulala mapema, habari za televisheni zikiwa bado hazijaanza. Na si kwamba tulimnyima. Mama alimpakulia wa kwanza, kipande kizuri cha samaki, na sombe, majani ya muhogo, juu. Baba alimnunulia redio mpya. Kila aliyepita alimsalimu: "Kaku, uko muzuri?" na akaendelea na safari yake kabla ya jibu. Tulimmwagia vingi.

Asubuhi moja alimwita Baba, akasema apigiwe simu binti yake aje amchukue.

Baba alidhani hakusikia vizuri. "Lakini, Baba, Shefu iko muzima! Ulisema siku atakufa…"

"Iko muzima. Njo maana naenda na roho safi. Huyu mutoto anajua sasa kumulisha."

"Tumekukosea nini?"

"Hakuna kintu munaninyima, mwana wangu," Kaku alisema. "Hata kimoja."

Aliniwekea mkono kichwani, akavaa kofia yake ya reli, akatoka. Baba alilibeba lile sanduku mpaka kwenye gari, akafunga mlango wa gari, kisha akabaki ameshika kitasa chake kama mtu aliyesahau kinachofuata. Sisi tulimlilia na hatukujua tunalilia nini hasa. Tulikuwa tumemwokoa samaki. Kwa nini Kaku aondoke?

Jibu nililiona Likasi, nilipokwenda kumtembelea. Nilifika jua limezama. Kwa Shangazi hakukuwa na paneli wala betri, mtaa wote ulikuwa mweusi, na uani kulikuwa na mbabula tu, jiko la makaa mekundu. Kabla sijafungua lango nikasikia sauti ya watoto wengi kwa pamoja: "Ku gare, Kaku!" Na kicheko chake. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka hivyo, mpaka kikohozi.

Nilisimama pale langoni. Nilitaka aendelee, avuke ule mkono. Lakini lango lililia, watoto wakakimbia kunipokea, na safari hii mimi ndiye niliyekata hadithi. Nilipomkumbatia niliuhisi mgongo wake. Alikuwa amenenepa.

"Niambie mwisho, Kaku," nilimwomba usiku ule.

"We uko muchovu ya njia. Utaisikia siku ingine."

Asubuhi nilirudi Lubumbashi, nilikuwa na kazi ya watu kwenye cherehani. Mvua zilipoanza, Kaku akafa.

Kwenye kilio, Likasi, nilikaa kwenye mkeka na watoto wa kule. Kajukuu kamoja ka Shangazi, jina lake Plamedi, kalinitazama kakauliza: "Wewe njo unalisha Shefu?" Nikasema ndiyo. Nikakauliza kama kanajua hadithi yake. Kalishangaa swali. Nani asiyeijua?

"Kaku Mukaji alizungusha maji na mukono," kakaniambia, "mpaka vidole bikakunjamana sawa vya mutu muzee. Alizungusha njia yote. Lakini kila gare, treni ikisimama, alitoa mukono. Kaku akamuuliza: mbona unaacha? Akamujibu: anapashwa kula. Maji ikizunguka, hawezi kula. Akamuangushia kamukate, samaki akatoka. Kila treni ikisimama, anatoka. Njo maana Kaku akasema, basi huyu ni shefu ya gare!"

Kalicheka, samaki kuwa mkuu wa stesheni. Mimi niliinamisha kichwa kwenye magoti.

Kumbe yote yalikuwemo mle. Jinsi ya kumlisha samaki yule ilikuwa mwishoni mwa hadithi, na hadithi ilikuwa pembeni mwa sebule yetu, kila jioni, imekaa kwenye kiti, inauliza tulifikia wapi. Nililazimika kuisikia kwa mtoto wa nyumba nyingine, mwenye hadithi yuko ndani ya sanduku. Nilikuwa nimejifunza kuzima pampu, mwanangu. Sikuzima televisheni.

Sasa neno lenyewe, nalisema wazi ili usilitafute.

Shefu ni mzee sasa. Maji yake yaendelee kukimbia, asili yake ni hiyo. Lakini kila jioni zima, ngoja mpaka jani lisimame lenyewe, mpelekee tonge zito mpaka mlangoni kwake, kisha kaa chini, uso wako uwe sawa na jiwe lake. Usiondoke kwa sababu chakula kimeisha. Ondoka kwa sababu umemwona akila. Ukimaliza, washa, usisahau.

Na watu ni hivyo hivyo. Utakuwa na mke siku moja, na watoto, na wageni, na pengine utawapa vingi kuliko sisi tulivyokuwa navyo. Usihesabu ulichomwaga. Tazama kilichofika. Yule asiyepiga kelele, aliyejibana pembeni, atakuambia hakosi kitu, naye atakuwa anasema kweli. Kwake inabidi upeleke zaidi ya kitu. Mpelekee utulivu wa kutosha ili aweze kutoka chini ya jiwe lake.

Unajua kwamba tangi haliji kwenu peke yake. Linakuja na baba yangu, ambaye wewe unamwita Kaku. Nyumba ya Makomeno ni kubwa mno kwake sasa. Atachagua kiti cha pembeni, karibu na kioo, nakuhakikishia. Kwenu umeme haukatiki na kila mtu ana simu yake. Nakuomba, jioni, ukichomoa waya wa pampu, uchomoe na ule wa televisheni. Mama yako akilalamika mwambie mimi ndiye niliyekutuma, naye atanyamaza, anajua. Halafu ukae karibu na kiti kile, na kabla yeye hajauliza, wewe umuulize: "Basi, Kaku, tulifikia wapi?"

Mungu akupe masikio yasiyochoka, mwanangu. Akupe maji yanayokimbia na saa ya kuyatuliza. Kila unachokipeleka kwa mkono wako kifike, na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyekaa pembeni, asikosekane mtoto wa kukaa chini na kungoja mpaka hadithi yako iishe.